Sikio likisumbuka, macho hayatulii

Wamama wenzetu, katika vikao vyetu swali moja limerudi mara nyingi tangu mvua zianze. Kwa nini mtoto mwenye sikio linalotoa usaha anashikwa na kizunguzungu, na kwa nini siku hiyo macho yake yanacheza kana kwamba yanafuata nzi? Wengine wanasema ni minyoo. Wengine wanasema ni kifafa kinachoanza. Na wako wanaompeleka mtoto kwenye chumba cha maombi akae huko siku tatu bila chakula, kwa sababu kwao macho yanayoruka yenyewe ni macho ya mtu aliyeingiliwa na kitu. Sisi walimu tunawaona watoto hawa kila asubuhi darasani. Ndiyo maana tumeomba nafasi ya juma hili tueleze jambo ambalo wamama wengi hawajapata mtu wa kuwaeleza: sikio na jicho vimefungwa kamba moja. Ukivuta upande wa sikio, jicho linasogea.

Tuanze na jaribio ambalo halina bei. Shika karatasi hii unayoisoma mbele ya uso, mkono ukiwa umenyooka kidogo. Kichwa kisitikisike. Sasa itikise karatasi haraka kulia na kushoto, ukijaribu kusoma mstari mmoja. Herufi zinachanganyika, huwezi. Sasa fanya kinyume: karatasi itulie, na wewe utikise kichwa kwa mwendo uleule, kama mtu anayekataa neno kwa ukali. Soma. Herufi zinakaa mahali pake, na unasoma bila shida.

Kwa nini? Mwendo ni uleule. Tofauti ni kwamba kichwa kilipotikisika, kitu fulani kiliyaambia macho: kichwa kimekwenda kulia, ninyi nendeni kushoto kwa kipimo kilekile. Hukufikiri. Hata ungetaka kufikiri usingewahi, maana habari hiyo inatoka sikioni hadi kwenye misuli ya jicho kwa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Karatasi ilipotikiswa peke yake, sikio halikuwa na habari ya kutoa, na macho yaliachwa yakimbize herufi yenyewe. Hayana mbio za kutosha.

Mama anayepanda kutoka kisimani na bidoni kichwani, mtoto mgongoni, njia ina mawe na utelezi, bado anamtambua jirani anayekuja kutoka mbali na anaona kama amekasirika au anacheka. Kila hatua inamtikisa kichwa, lakini uso wa jirani hautikisiki. Hiyo ni kazi ya sikio, na hakuna anayelishukuru.

Sikio lina kazi mbili, na shuleni tunafundisha moja tu. Ya kwanza ni kusikia. Ya pili inafanyika ndani kabisa, nyuma ya kiwambo, ndani ya mfupa mgumu kuliko mifupa yote ya kichwa. Huko kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama vipini vya kikombe, kila mmoja umeelekea upande wake, na imejaa maji. Kando yake kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo kama mchanga wa chokaa. Vyote pamoja na sehemu ya kusikia havizidi sana punje kubwa ya maharagi. Kichwa kikigeuka, maji ya mfereji yanachelewa nyuma kidogo, yanasukuma vinyweleo vidogo sana, na vinyweleo vinapeleka habari. Mifereji inapima kugeuka. Vile vifuko vya mchanga vinapima kuinama, kupanda na kushuka.

Watoto wetu wanajua habari hii kuliko sisi. Tazama wanavyocheza uwanjani: mmoja ananyoosha mikono, anazunguka, anazunguka, kisha anasimama ghafla na kuanguka akicheka. Safari nyingine mshike mabega akisimama tu, umtazame machoni. Utaona macho yanateleza polepole kwenda upande mmoja, kisha yanaruka haraka kurudi, yanateleza tena, yanaruka tena. Mwili umesimama, lakini maji ya mfereji bado yana mwendo, kama maji ya beseni uliyoyakoroga kisha ukaondoa mkono. Sikio linasema bado tunazunguka, na macho yanatii. Baada ya muda mfupi maji yanatulia, na mchezo umeisha. Kuruka huko kwa macho waganga wanakuita nistagmusi. Jina ni gumu, jambo lenyewe ni la kila siku.

Sasa tufike kwenye maji ya baridi, maana hapo ndipo habari ya wamama inapoanzia.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Vienna nchini Austria, alikuwako daktari kijana wa masikio aliyeitwa Robert Bárány. Miongoni mwa kazi zake hospitalini ilikuwa kuwaosha wagonjwa masikio kwa kuingiza maji kwa bomba. Wengi walilalamika kizunguzungu. Yeye akawa anawatazama machoni na kuona yanaruka. Siku moja mgonjwa akamwambia kwamba kizunguzungu humshika tu wakati maji si ya moto ya kutosha. Bárány akaagiza maji yapashwe. Muuguzi akayapasha kupita kiasi, mgonjwa akalalamika tena, na daktari alipomtazama akaona macho yanaruka tena, lakini safari hii kwa upande wa pili. Yeyote mwingine angemgombeza muuguzi tu. Yeye alikaa akafikiri juu ya sufuria.

Maji ya sufuria jikoni, kila mama anajua: yaliyopata moto yanapanda, yaliyopoa yanashuka. Bárány akasema ndivyo ilivyo ndani ya mfereji wa sikio. Maji ya baridi yakiingia katika tundu la sikio yanaupoza mfupa, ubaridi unafika kwenye mfereji ulio karibu, maji ya ndani yanakuwa mazito na kushuka. Kwa hiyo yanatembea ijapokuwa kichwa kimetulia. Ubongo hauna njia ya kujua kwamba ni ubaridi. Unaamini kichwa kinageuka, na unayaamuru macho yafuate. Ukitia maji ya baridi sikio la kulia, macho yanateleza kuelekea kulia na kuruka kwenda kushoto. Ukitia ya moto, yanaruka kwenda kulia. Alitangaza jambo hilo mwaka 1906, na mpaka leo kipimo chake kinatumika: maji ya digrii 30, kisha ya digrii 44, yaani digrii 7 chini na 7 juu ya joto la mwili. Sikio ambalo halileti mwendo wowote wa macho, si kwa baridi si kwa moto, ni sikio ambalo kazi yake ya pili imekufa. Alipewa zawadi ya Nobel ya 1914, na habari hiyo ilimkuta akiwa mateka wa vita huko Urusi. Walimwachilia mwaka 1916 ndipo akaenda kuipokea.

Tumesimulia kwa urefu kwa sababu somo hilo liko ndani ya beseni la kuogea watoto wetu. Mtoto anaoshwa asubuhi kwa maji ya kisima, kichwa kimeinamishwa, maji yanaingia sikioni, na mtoto analia, anamshika mama kwa nguvu, pengine anatapika. Mama anasema huyu mtoto ana hofu ya maji. Huenda si hofu. Huenda dunia imezunguka mbele yake kweli. Kwa sikio lenye tundu katika kiwambo ni mbaya zaidi, maana maji yanaingia mpaka ndani na kuupoza mfereji upesi, na tena yanabeba uchafu wa kisima hadi mahali ambapo haukupaswa kufika. Waganga wenyewe hawafanyi kipimo cha maji kwa sikio lenye tundu.

Ni hivyo pia kwa dawa ya matone. Chupa iliyolala usiku mahali pa baridi ikidondoshwa sikioni asubuhi inaleta kizunguzungu, mtoto anaikataa siku zote zinazofuata, na dawa inalaumiwa bure. Ishike chupa ndani ya kiganja chako dakika chache mpaka ipate joto la mwili. Basi.

Katika darasa letu la nne mwaka mmoja alikuwako msichana ambaye sikio lake la kushoto lilitoa usaha tangu alipokuwa mdogo. Watoto wengine hawakutaka kukaa karibu naye kwa harufu. Alikuwa na akili, mahesabu yake hayakuwa na kasoro. Kisha akaanza kuanguka. Akigusa sikio kulipangusa, anayumba na kushika dawati. Tulimtazama: kila alipobonyeza sikio, macho yaliteleza na kuruka. Nyumbani walikuwa wameanza kusema neno lile ambalo mkisema juu ya mtoto hulirudishi tena. Mama yake mkubwa ndiye aliyekataa. Alimchukua kwa pikipiki hadi hospitali, na huko wakaeleza kwamba usaha wa miaka ulikuwa umekula mfupa hadi karibu na mfereji. Mfupa ukiliwa hivyo, kidole kikibonyeza sikio, upepo unasukuma maji ya ndani, na macho yanasogea. Bila mfupa kuliwa, kubonyeza sikio hakusogezi macho.

Wamama, hilo lishikeni. Mtoto mwenye sikio la usaha ambaye macho yake yanaruka au anayumba akiguswa sikio, si wa kungojea siku ya soko ipite. Sehemu inayofuata baada ya mfereji ni ubongo. Vivyo hivyo uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, uso ulioanza kupinda upande mmoja, homa pamoja na shingo ngumu. Hizo ni safari za siku hiyohiyo.

Kwa sikio la usaha la kawaida, kanuni ambayo wauguzi wetu wanaifuata ni rahisi kukumbuka. Hesabu siku. Usaha wa chini ya siku 14 ni ugonjwa mpya: mtoto anapewa amoksisilini ya kunywa siku 5, na dawa ya maumivu. Usaha wa siku 14 au zaidi ni ugonjwa wa kudumu: hapo vidonge havisaidii sana, kinachosaidia ni kulikausha sikio na matone ambayo muuguzi atayachagua, kwa majuma mawili. Kukausha ni kazi ya mama, na hakuna muuguzi atakayekuja kuifanya. Chukua kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, kisokote kiwe kama utambi wa taa, kitie taratibu sikioni, ngoja kilowe, kitoe, tia kingine, mpaka kinachotoka kiwe kikavu. Mara tatu kwa siku angalau. Usitumie njiti ya kiberiti yenye pamba, wala unyoya wa kuku. Mtoto asiogelee mpaka sikio lipone, na wakati wa kuoga tundu la sikio lilindwe.

Na kumimina vitu? Tumesikia mengi: mafuta ya mawese yaliyopashwa, maziwa ya mama, maji ya majani, hata mkojo. Hatuwadharau bibi zetu, wametulea. Lakini bibi hakuona ndani ya sikio, na kiwambo kikiwa na tundu, kila kinachomiminwa kinapita. Mafuta ya moto tumeyataja, na sasa mnajua macho ya mtoto yatafanya nini. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto mchanga, lakini mlango wake ni kinywa.

Kuna jambo la dawa ambalo linahitaji maneno ya makini, maana tukilisema vibaya tutawaogopesha wamama wakatae sindano inayookoa maisha. Jentamisini ni dawa nzuri. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaipewa katika kituo cha afya, na bila hiyo wengi wasingefika siku ya kupewa jina. Ila dozi yake inatokana na uzito, na ikizidi au ikirefushwa inaua vile vinyweleo vya sikio la ndani, na kwa binadamu havioti tena. Streptomisini, iliyotibu kifua kikuu kwa miaka mingi, ina tabia hiyohiyo. Tatizo letu hapa Salamabila, hasa karibu na machimbo ya dhahabu, ni sindano zinazouzwa na watu wenye mkoba, wasiokuwa na mizani wala daftari. Mtu ana homa, anachomwa. Ana tumbo, anachomwa ileile. Ukiona mtu anataka kumchoma mtoto wako sindano na hajampima uzito, mchukue mtoto uondoke.

Alikuwako daktari mmoja wa Marekani aliyeandika habari yake mwenyewe mwaka 1952, akijitambulisha kwa herufi J.C. tu. Alikuwa ametibiwa kwa streptomisini na akapoteza masikio yote mawili kwa upande wa mizani. Kusikia kulibaki. Mtu angedhani hana shida. Lakini alipolala akijaribu kusoma, herufi zilirukaruka kila moyo ulipopiga, kwa sababu pigo la moyo linatikisa kichwa kidogo sana na hakuna tena wa kuyaambia macho yasawazishe. Alibana kichwa chake kati ya vyuma vya kitanda ndipo asome. Njiani hakuweza kutambua nyuso za watu mpaka asimame. Sisi tunaposoma hayo tunafikiri watoto wangapi wameitwa wajinga kwa kutosoma ubao, au wenye kiburi kwa kutosalimia wakubwa njiani. Jaribio lile la karatasi linaweza kuwapima: mtoto anayejua kusoma, akisoma vizuri kichwa kimetulia lakini akashindwa kabisa kichwa kikitikiswa, apelekwe kwa muganga aeleze hivyo hivyo.

Kinini nayo inajulikana na kila mtu. Masikio yanalia kama kuna nyenje ndani, kusikia kunapungua, pengine na kizunguzungu. Mara nyingi hali hiyo inapita dawa ikiisha, kwa hiyo usikatize dozi mwenyewe, mwambie muuguzi. Jambo hili ni la zamani: Livingstone, yule Mskoti aliyekaa Kabambare, wakati huo ikiitwa Bambarre, kuanzia 1869 hadi mwanzo wa 1871, alikuwa amewafundisha wenzake kula kinini mpaka masikio yalie, ndipo wajue imetosha. Kwa bahati mbaya sanduku lake la dawa liliibwa tangu 1867, hivyo alipougua kwetu hakuwa nayo.

Ugonjwa mwingine unaoharibu sikio la ndani ni menenjite, homa ile ya shingo ngumu. Wengi wanakumbuka mwaka 2021 ilivyowapiga ndugu zetu wa Banalia, katika jimbo la Tshopo. Mtoto akipona tunamshukuru Mungu, na tunaona baadaye kwamba hasikii. Tusilolitazama ni kwamba anaweza kuwa amepoteza na mizani pia. Wamarekani waliligundua hilo kwa njia ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi lao la majini lilitafuta wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha viziwi cha Gallaudet, ili kujifunza kabla ya kupeleka watu angani. Kumi kati yao walikuwa wamepata uziwi kwa menenjite. Waliwapandisha meli katika bahari yenye mawimbi makali karibu na Kanada. Wanaume wale walikaa wakicheza karata. Wataalamu waliokuja kuwachunguza walitapika mpaka kazi ikakatizwa.

Utauliza, kama masikio yao yaliharibika, mbona hawakuwa na kizunguzungu? Kwa sababu ubongo unalinganisha sikio la kulia na la kushoto, kama mizani ya sokoni yenye sahani mbili. Sahani moja ikitolewa ghafla, mizani inaanguka upande mmoja: dunia inazunguka, macho yanateleza kuelekea upande wa sikio gonjwa na kuruka kuelekea lililo zima. Zikitolewa zote mbili, mizani haiangukii popote, ila haipimi tena. Kwa hiyo mtoto aliyepoteza zote mbili halalamiki kizunguzungu. Anachelewa kutembea, anapenda kugusa ukuta, anaanguka jioni. Mchana macho yanamsaidia kujua wima ni wapi. Usiku hana msaidizi. Msimtume maji giza likiingia mkadhani ni mvivu anapokataa. Na mtoni, Luama au kijito chochote, asiingie peke yake hata kama anajua kuogelea: akizama kichwa hajui juu ni wapi na chini ni wapi.

Hapo pia mmepata jibu la wale wanaotapika ndani ya kamioni kwenye barabara ya Kasongo. Sikio linahisi kila shimo, na mashimo hayapungui. Macho yaliyoinamia simu au kichwa cha mtoto aliyelala mapajani yanasema tumekaa tu. Habari mbili zinapingana, na tumbo ndilo linalolipa. Mtoto anayetapika safarini akae mahali anapoona mbele, atazame mlima wa mbali, asitazame pembeni miti inavyokimbia. Ale kidogo kabla ya safari, asikae na njaa wala asishibe. Macho yakiona mwendo uleule ambao sikio linausikia, ugomvi unapungua.

Neno dogo juu ya bibi zetu, maana wametulalamikia kwamba jarida linawasahau. Bibi anayegeuka kitandani, au anayeinua kichwa kutazama darini, akaona nyumba inazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha inatulia, na kesho akigeuka upande uleule inazunguka tena: huyu mara nyingi ana chembe za ule mchanga zilizotoka katika kifuko na kuingia ndani ya mfereji. Akigeuka zinabingirika na kuyasukuma maji, na macho yanaruka. Daktari mmoja wa Marekani, John Epley, aliandika mwaka 1992 jinsi ya kuzirudisha bila dawa wala kisu, kwa kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zitoke. Ulizeni hospitalini kama yuko muganga anayejua kufanya hivyo. Vidonge vya kizunguzungu vya sokoni havirudishi mchanga.

Si kila kizunguzungu ni cha sikio. Giza machoni ukisimama ghafla, moyo kwenda mbio, viganja vyeupe: hiyo ni damu pungufu, au njaa, au malaria, na macho hayaruki. Mama mjamzito mwenye kizunguzungu na kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, apimwe presha siku hiyo. Na mtu yeyote ambaye kizunguzungu kimekuja pamoja na mkono kulegea, ulimi kuwa mzito au kuona vitu viwili viwili, msimwangalie sikio, mpelekeni.

Yule msichana wetu alitibiwa, sikio likakauka, kusikia kwa upande ule hakukurudi. Mizani ya upande mmoja ilikuwa imepungua, lakini ubongo wa mtoto ni mwanafunzi mwepesi, unajifunza kupima kwa sahani iliyobaki mradi umepewa mazoezi. Tulipewa zoezi la kufanya naye: ananyoosha mkono, anakaza macho kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha anatikisa kichwa kulia na kushoto polepole, ukucha usipotee. Mwanzo anasikia kichefuchefu, na hapo ndipo wengi wanaacha. Tulifanya dakika moja, mara tatu kila siku, kabla ya kuimba, mapumziko, na kabla ya kurudi nyumbani. Juma la pili darasa zima lilikuwa linafanya naye, wakishindana nani ataharakisha kichwa bila kupoteza ukucha. Sasa yuko darasa la sita, anakaa safu ya mbele upande wa dirisha, sikio zima likielekea kwa mwalimu.